Nilivyokwenda Vitengeni Kutafuta Baba Mkwe

Mombasa, Kilifi, Lamu, mpo kwenye laini? Msizime mashine. Leo uso wangu nimeuacha Vitengeni, na sidhani kama nitarudi kuufuata.

Ni saa kumi na moja jioni. Kaunta imefungwa, mkuu wetu Bwana Mutua amekwenda kunywa chai, na mimi Saumu wa Malindi nimekaa mbele ya teleprinta na vumbi la mkaa mpaka masikioni. Nachapa haraka. Mkiona herufi zinarukaruka, jueni ni mkaa vidoleni. Na wewe Rukia wa Mombasa usitie neno mpaka nimalize, maana mkosi wote umeanzia kwako.

Asubuhi Rukia ananiletea telegramu. (Nyote mmeapa kutunza siri kama nilivyoapa mimi, kwa hiyo tusihukumiane.) Mpokeaji ni Kadzo Charo, kupitia duka fulani la Gede. Maneno yake: barua yetu imerudi, umechaguliwa chuo cha uuguzi, ripoti Mombasa kesho saa mbili asubuhi, usipofika nafasi anapewa mwingine.

Kesho! Nikatazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo. Nikamfikiria huyo binti, simjui hanijui, amekaa mahali anapeta mahindi na maisha yake yote yako kwenye kikaratasi changu. Nikapiga simu Gede. Karani wa kule ni Bwana Tsuma, mtu wa taratibu sana.

"Huyo amehama," akasema. "Walihama Gede miezi mitatu sasa. Lakini waliacha maelekezo kwenye daftari la waliohama. Ngoja nikusomee." Nikasikia kurasa zinafunuliwa, moja moja. "Barua na telegramu zote zipelekwe kwa baba mkwe, Vitengeni."

"Baba mkwe nani?"

"Baba mkwe."

"Jina lake, Bwana Tsuma."

"Saumu, nakusomea kilichoandikwa. Kwa baba mkwe. Mkato. Vitengeni."

"Na nani aliyeandika hayo?"

"Mimi sijui, nilikuwa likizo. Kuna sahihi hapa lakini haisomeki. Ina mkia mrefu umevuka mpaka mstari wa pili."

Nikaweka simu chini nikaanza kuhubiri. Mnajua ninyi kazi yetu ilivyo. Mtu akihama, karani mmoja anamwandikia aendako, na sisi wengine wote tunafuata alichoandika tukiwa tumefumba macho. Yule wa kwanza akiandika ovyo, wa mbele tunateseka, na barua zinazunguka nchi nzima zikimtafuta mwenyewe.

"Karani wa sahihi yenye mkia aliyeandika haya," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni ya stempu, "arudishwe darasa la kwanza akafundishwe kushika kalamu. Baba mkwe ni anwani hiyo? Mimi sijapata kuandika upuuzi kama huu tangu niajiriwe."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikanogewa. Nikarudia.

Bwana Mutua akatoka ofisini kwake. Yeye ni mtu wa bara, wa kanuni, hana maneno mengi. "Kama hiyo anwani haieleweki, tunaandika hajulikani, tunarudisha Mombasa. Ndio sheria."

"Mkuu, binti anatakiwa kesho."

"Haieleweki, Saumu."

"Itaeleweka. Vitengeni ni kubwa kiasi gani? Mtu mwenye akili akifika, anauliza, anapata."

"Sawa." Akakunja mikono. "Katana wa kupeleka telegramu, baiskeli yake imepasuka tairi. Na kwa vile wewe unajua hii kazi kuliko sisi wote, enda wewe. Na ukimpata huyo karani wa mkia, niletee jina yake. Nataka kumwandikia barua."

"Nitakuletea, mkuu." (Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.)

Nisiwafiche, sikwenda kwa huruma peke yake. Nilikuwa nawashwa na kutaka kujua. Ni mtu wa namna gani huyu anayepokea barua bila jina? Je, Vitengeni nzima ina baba mkwe mmoja? Nikapata lori linalokwenda kuchukua mkaa, dereva akaniambia anarudi Malindi saa nane kamili na hamngojei mtu. Nikapanda.

Sasa nieleze nilivyovaa, maana ina kazi yake mbele. Jumapili tulikuwa na harusi ya binti wa shangazi yangu, na hina yangu bado imekolea mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko. Nina leso mpya. Nina mkoba mkubwa wa ngozi, ndani yake telegramu, fomu, daftari la sahihi na wali wangu wa mchana. Kumbukeni hina. Kumbukeni na mkoba.

Njia nzima nilikuwa nikiuliza. Dereva, unamjua mtu Vitengeni anaitwa baba mkwe? Dereva akanitazama, akatazama mikono yangu, akasema, "Utamjua mwenyewe, dada." Nikaona ni mtu asiyependa mazungumzo.

Tulifika kabla ya saa sita, jua limesimama utosini. Barazani pa duka moja palikuwa na mama mmoja anashona kwa cherehani, jina lake Mama Sidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kiti. Na hapa, wenzangu, ndipo ujuzi wangu wa kazi uliponiponza. Mnajua kwamba huku kwetu ukitamka telegramu kijijini, watu wanaanza kulia kabla hujaifungua. Telegramu kwao ni msiba. Kwa hiyo mpelekaji mzoefu hataji posta wala telegramu mpaka amwone mwenyewe. Mimi, mzoefu, hata beji yangu nilikuwa nimeivua nikaitia mkobani.

"Namtafuta Kadzo Charo," nikasema. "Anakaa kwa baba mkwe."

"Kwa baba mkwe wake?" Mama Sidi akafikiri. "Kadzo Charo walioolewa hapa ni wawili."

Akatuma waitwe. Mmoja alikuja na watoto watatu na wa nne mgongoni. Wa pili alikuja na mkongojo.

"Bibi, shikamoo. Ni wewe uliyeomba kwenda kusoma uuguzi?"

"Marahaba. Mimi, mjukuu wangu, naomba wauguzi waje kwangu," akasema yule bibi. "Goti hili linanimaliza." Akakaa kitako kusikiliza zaidi, na yule wa watoto naye akakaa.

Saa sita na nusu ikapita. Mama Sidi akasimamisha cherehani. "Mwanangu, kama si baba mkwe wa Kadzo hawa, basi huyo baba mkwe ni wa nani?"

Swali zuri kabisa. Ningelijibu vizuri, yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini jua kali, njaa inauma, lori linarudi saa nane, na neno telegramu nimelifungia moyoni. Nikasema: "Mama, mimi nimeelekezwa kwa baba mkwe. Sijui zaidi. Nipelekeni tu kwa baba mkwe."

Mama Sidi akatazama mikono yangu. Akatazama mkoba. Akatazama leso mpya.

"Umetoka Malindi?"

"Malindi."

"Aaa," akasema, na uso wake ukawa laini. "Mbona hukusema mapema, mwanangu? Mtu haoni haya kwa jambo kama hili. Twende."

Akafunga cherehani. Wale Kadzo wawili wakafuata, na bibi wa mkongojo alikuwa mbele. Njiani wakaongezeka wengine. Tulipokaribia boma la mzee mmoja, Mzee Kazungu, nyuma yangu walikuwa kina mama kama kumi, na mmoja akapiga kigelegele. Nikajiuliza kuna shughuli gani hapa leo.

Wakanikalisha kwenye kigoda. Wakaniletea beseni la maji nioshe miguu. Hapo nilishangaa kweli, maana njiani nilipishana na wanawake wenye madumu kichwani, na Mama Sidi alikuwa ameniambia kisima chenye maji ni mwendo wa saa nzima. Beseni zima, miguu yangu! Nikajisemea, kumbe watu wa huku wanaiheshimu posta kuliko watu wa mjini. (Sikuwa nimewaambia natoka posta. Hilo halikunijia.)

"Kuna harusi hapa?" nikamuuliza bibi wa mkongojo.

Akanigonga begani akacheka. "Hebu msikieni."

Mzee Kazungu akaja kutoka shambani, jembe begani, jasho linamtoka. Mama Sidi akamwambia, "Mzee, mgeni wako huyu. Amesema mwenyewe kwa kinywa chake, amekuja kwa baba mkwe."

Nikasimama kwa adabu. "Shikamoo baba. Wewe ndiye baba mkwe?"

Mzee akaliweka jembe chini polepole. "Marahaba. Kama mwanangu amekubali, mimi ni nani nikatae?"

Jibu la ajabu, lakini nikaona si haba, nimempata. Tukakaa.

"Umekuja peke yako?" akauliza.

"Peke yangu. Mwenzangu ndiye aliyepaswa kuja, tairi limempasukia."

"Sasa yuko wapi?"

"Nimemwacha Malindi, anaziba."

Mzee akatikisa kichwa. "Jefwa huyo. Hata siku kama hii anamwacha mtu atangulie."

Nikadhani amekosea jina la Katana. Sikutaka kumsahihisha mzee mbele ya watu.

"Na wazazi wako wanajua uko hapa?"

Nikaona swali limetoka mbali. "Hawajui, baba. Anajua mkuu wangu tu, yeye ndiye aliyenituma."

Kina mama wakashika vinywa.

"Na umekusudia kukaa?"

"La, baba. Nikishakukabidhi mzigo wako ukanitilia sahihi, naondoka na lori la saa nane."

"Mzigo wangu?"

"Wako. Wa nyumba hii." Nikajigusa mkoba niliokuwa nimeupakata tumboni. "Nimeubeba tangu asubuhi."

Bibi wa mkongojo akainama kunitazama tumbo. "Tangu asubuhi tu?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kurudi, polepole, kama inatembea kwa miguu kutoka Mombasa. Hina. Leso mpya. Mkoba. Baba mkwe. Wazazi hawajui. Kumbe nimekaa pale nusu saa nzima nikiposwa! Mzee Kazungu, nilikuja kuambiwa, ana mwana anaitwa Jefwa, anafanya kazi Malindi, wanamngojea alete mke mwaka wa tatu huu, na mke amekuja mwenyewe juu ya lori la mkaa.

Niliruka kigoda kikaanguka. "Jamani, mimi ni karani wa posta!" Nikatoa beji, nikatoa karatasi niliyoandika kwa simu ya Bwana Tsuma, nikaisoma kwa sauti: barua na telegramu zote zipelekwe kwa baba mkwe. "Mmeona? Mimi nimefuata kilichoandikwa. Kosa ni la mjinga mmoja pale Gede. Mtu mzima, kapewa kalamu na serikali, anaandika baba mkwe bila kusema ni baba mkwe wa nani! Hana akili wala hana haya, na mkuu wangu anataka jina lake."

Wakati nahubiri, mama mmoja aliingia bomani na dumu la maji kichwani, nyuma yake binti wa miaka kama kumi na minane na dumu lake. Yule mama akatua dumu. Akanitazama. Akanisogelea.

"Si wewe karani wa Gede?"

"Mimi ni wa Malindi, mama."

"Wa Malindi, lakini ulikuwa Gede. Ulimshikia Bwana Tsuma nafasi wiki mbili alipokuwa likizo. Ulivaa leso yenye michoro ya korosho." Akafungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa kipande cha fomu, kile anachobaki nacho mteja, kimekunjwa mara nne. "Ni wewe uliyeniandikia."

Akampa binti yake asome, na ndiye Kadzo mwenyewe. Kadzo akasoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeshinda mtihani: "Barua na telegramu zote zipelekwe kwa baba mkwe, Vitengeni. Karani..." Akageuza karatasi huku na huku. "Hapa siwezi kusoma. Kuna mkia."

Wenzangu, mkia ule naujua. Naupiga kila siku, mara arobaini, na naupenda.

Yote yakanirudia. Mume wake aliumia mgongo, kazi ya Gede ikaisha, wakaamua kurudi kwa wazee. Alisimama mbele ya kaunta, foleni imefika mlangoni. Nikamuuliza jina la mpokeaji mpya, akasema kwa baba mkwe. Nikasema jina lake. Akainamisha macho. "Hilo mimi silitamki, mwanangu. Baba wa mume wangu hatajwi." Desturi yao naijua, nimekua nao. Na fomu haikubali nafasi tupu. Nikafanya nini? Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri. Baba mkwe ni wa mama, barua ni za bintiye, na msomaji ni karani wa mji mwingine!

"Nilikuambia uulize mtu yeyote kwenye foleni," akasema Mama Kadzo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wote walikuwa watu wa huku, wangekutajia. Ukasema wewe unaandika unachoambiwa."

Bibi wa mkongojo ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wote. Mzee Kazungu alijifuta machozi kwa kofia. Mimi nikatazama beseni la maji niliyooshea miguu, nikatamani liwe na kina nizame.

Saa saba na robo. Nikamshika Kadzo mkono. "Una telegramu."

Kicheko kikakatika. Yule yule bibi akaanza kulia. "Si msiba!" nikapiga kelele. "Si msiba, wallahi!" Kadzo akafungua. Akasoma kimya, akasoma tena, akakaa juu ya dumu.

"Barua yao nimeingojea tangu tuhame," akasema. "Hapa wamesema ilirudi."

Barua ilifika Gede, mtu akasoma daftari, hakuelewa, akaandika hajulikani kama sheria inavyosema. Ni mimi niliyemfanya asijulikane. Asubuhi nilimhurumia kwa sababu ya mjinga nisiyemjua, na mjinga ni mimi. Nikamwambia hivyo, mbele ya watu wote. "Nisamehe, Kadzo. Lakini inuka, lori linaondoka saa nane."

Hapo boma lote likageuka. Mmoja anapiga pasi, mmoja anatafuta cheti, Mama Sidi anashona kifungo nguo ikiwa tayari mwilini mwa Kadzo. Katikati ya hayo nikatoa fomu mpya, nikaipakata juu ya mkoba. "Jina la mpokeaji?" Mama Kadzo akageuza uso upande. Mzee, baba wa mumewe, akasogea mwenyewe. "Andika Kazungu wa Ngala. Uandike makubwa. Na huo mkia ukate."

Nikaukata.

Wakati tunaondoka akanipa mkono. "Basi. Mke wa Jefwa sikumpata, lakini muuguzi nimempata. Siku Jefwa akileta mtu, nitauliza kwanza kama ni wa posta."

Tulirudi Kadzo katikati, sanduku lake la bati miguuni, mimi dirishani navuta vumbi la magunia. Nilimwomba radhi tena tulipofika lami. Akasema nisijali, siku nikiumwa niende kwake, sindano atanipiga yeye mwenyewe. (Alitabasamu, lakini sikulipenda lile tabasamu.) Basi la Mombasa la saa kumi na nusu tumeliwahi. Nimemwona akipanda kwa macho yangu, nimesimama mpaka likapinda kona.

Kisha nikaingia ofisini. Bwana Mutua alikuwa ananingoja kaunta.

"Umemfikisha?"

"Amepanda basi, mkuu."

"Vizuri. Na yule karani, umempata?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

"Sahihi haisomeki, mkuu."

Akanitazama kidogo, akanisukumia daftari la kurudi kazini nitie sahihi. Nikamwambia kalamu zote zimeisha wino, nikaweka dole gumba.

Rukia, kesho saa mbili binti atakuwa chuoni, na atakuja kwako kuandikisha anwani yake mpya. Mwandikie wewe. Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, kisha mchane karatasi, maana nasikia viatu vya mkuu mlangoni.